Rangi haiokoi mchoro mbovu: yanayosemwa na yalivyo

"Fundi wa katuni hahitaji penseli, anashika kalamu ya wino na kumaliza." Hii huvunja moyo wanafunzi wengi, na si kweli. Enzi za kurasa kupigwa picha kiwandani ili zichapwe, wachoraji wengi walianza kwa penseli ya buluu mpauko kwa sababu filamu ile haikuiona buluu hiyo. Mistari ya kubahatisha ilibaki palepale kwenye karatasi, msomaji asijue. Leo skana nayo inaweza kuiondoa.

Wengine husema kupiga wino ni kufuatisha tu penseli. Hapa ndipo nilipokwama muda mrefu. Nilimchora mama muuza mihogo, penseli ikapendeza, wino ulipopita akakauka kama picha ya kitabu cha mafunzo. Kosa langu: mistari yote ilikuwa na unene mmoja. Wino ni kuamua upya. Upande wa kivuli mstari unenepe, upande wa jua uwe mwembamba au ukatike kabisa. Kilicho karibu kiwe kizito kuliko cha nyuma. Na uache wino ukauke kabla ya kushika ufutio (shati langu ni shahidi).

Mkono kutetemeka si dalili kwamba huna kipaji. Kurasa za katuni za Marekani kwa kawaida huchorwa kwenye karatasi ya inchi 11 kwa 17, kisha hupunguzwa zikichapwa, na mtetemo hupungua nazo. Chora kwenye A3, punguza iwe A4, utajionea.

Halafu ile imani kwamba rangi itafunika makosa. Rangi huyaanika! Ukitaka kujua mapema, igeuze picha iwe ya kijivu: kama mama na ukuta nyuma yake vimekuwa kitu kimoja, hakuna nyekundu itakayomtoa. Kivuli nacho si rangi ileile iliyochanganywa na nyeusi; njano ukiitia nyeusi inageuka kijani kichafu. Ipeleke kwenye chungwa au kahawia. Ngozi nyeusi chini ya mbingu wazi hung'aa kwa ubuluu, si kwa weupe wa chokaa. Kanga usiibandike kama karatasi ya ukutani: pindo linapinda na mikunjo, na maneno ya jina hukatika panapokunjwa.

Kuhusu vifaa vya bei ghali, sina mengi. Krita ni programu ya bure ya kuchora kwenye kompyuta, na A4 ya nukta 300 kwa inchi ni pikseli 2480 kwa 3508 tu. Weka wino kwenye leya yake (tabaka la picha ndani ya programu), rangi chini yake.

Ila usiiamini skrini. Buluu kali inayowaka pale hufifia ikichapwa, maana mashine huchanganya samawati, majenta, njano na nyeusi. Chapa kwanza kipande kidogo, hata kona ya kanga tu.