Mwanamuziki wa Okestra Nairobi: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Dhana: Okestra, kundi kubwa la wapiga muziki wa klasiki, ni mambo ya Ulaya, hapa hakuna.

Ipo, tena ya siku nyingi. Nairobi Orchestra ilianzishwa mwaka 1947, miaka 16 kabla ya uhuru. Katika mtaa wa Korogocho, tangu 2008, watoto wa mradi wa muziki wa Ghetto Classics wanajifunza vayolini, klarineti na tarumbeta. Na hiyo klarineti inayoitwa ya kigeni, mwili wake kwa kawaida huchongwa kwa mpingo, mti unaovunwa zaidi Tanzania na Msumbiji.

Dhana: Zile kelele kabla ya onyesho ni mazoezi ya dakika za mwisho.

Sivyo. Obo, ala ya kupuliza, hutoa noti A, mitetemo kama 440 kwa sekunde, na wote hulinganisha ala zao nayo.

Dhana: Kazi yao ni saa mbili tu jukwaani.

Noti hujifunzwa nyumbani, mtu peke yake, siku baada ya siku. Ukifika mazoezi ya pamoja hujui sehemu yako, unawachelewesha watu sitini. Anayepuliza obo ana kazi ya ziada ya mwanzi, kile kipande cha mdomoni kinachotoa sauti: Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na mwanzi uliokubali vizuri Mombasa unaweza kukataa hapa. Mwili nao unaumia. Wapiga vayolini wanaugua mabega na vifundo vya mikono, na anayekaa mbele ya matarumbeta huhitaji vizibo vya masikio, kwa kuwa sauti pale hupita desibeli 85 bila shida.

Dhana: Aliye kwenye okestra ana mshahara.

Hili ndilo linaloumiza zaidi. Berlin au Vienna, mwanamuziki wa okestra kubwa ameajiriwa, ana mshahara na pensheni. Nairobi Orchestra kwa sehemu kubwa ni ya wanaojitolea: mchana ni walimu, madaktari, wanafunzi; jioni wanashika ala. Anayeishi kwa muziki pekee huunganisha vibarua: anafundisha watoto majumbani, anapiga harusini na mazishini, anarekodi studio. Hata hivyo anapigiwa simu na kuambiwa, “Njooni mtutumbuize, mtajulikana.” Mimi naona si haki. Mpishi wa harusi hiyo analipwa, mpiga picha analipwa, mwenye mahema analipwa kabla hajashusha hata nguzo moja.

Kwa hiyo ukitaka wanamuziki wanne kwenye sherehe yako, ulizia bei mapema, sema watapiga kwa muda gani, toa arbuni, na uwatengee kivuli, maana jua kali hufungua gundi ya vayolini. Ukitaka na kontrabasi, ile ala ya nyuzi kubwa kuliko mtu, jua kwamba haiingii matatu. Inahitaji gari la kukodi, na nauli ya gari hilo ni yako.