Jumba la Halmashauri ya Glasgow: yasemwayo na yaliyo kweli

Ukisimama George Square, katikati ya Glasgow, Uskoti, ukatazama juu ya paa la jumba la halmashauri ya jiji, utamwona mwanamke wa mawe aliyeinua mkono. Wageni wengi hudai ni nakala ndogo ya ile sanamu ya uhuru ya Marekani. Siyo. Mwanamke huyu anaitwa Ukweli, na waliomkalia pembeni ni Utajiri na Heshima. Mfanano ni wa umbo tu, na wa zama: ya New York ilizinduliwa 1886, jumba hili Malkia Victoria akalifungua Agosti 1888.

Dhana nzito zaidi ni kwamba jumba lilijengwa na wale matajiri wa tumbaku, wafanyabiashara wa Glasgow walioneemeka kwa tumbaku ya Marekani. Hao walitamba karne ya 18, na vita vya uhuru wa Marekani, 1775 hadi 1783, vikaivunja biashara yao. Jiwe la msingi liliwekwa 1883, miaka mia baadaye, Glasgow ikiishi kwa meli, chuma na mashine. Lakini tusikimbilie kulisafisha jiji. Tumbaku ile, na sukari ya Karibi iliyofuata, vililimwa na Waafrika waliotiwa utumwani, na faida yake ilikuza mji wenyewe. Utafiti wa mwanahistoria Stephen Mullen ulilionyesha hilo kinaganaga, na mwaka 2022 kiongozi wa halmashauri akaomba radhi kwa niaba ya jiji. Naona ilistahili kusemwa mapema zaidi.

Wapo pia wanaotarajia ngome ya Uskoti, yenye kuta nene na vidirisha vyembamba. Msanifu wake, William Young, alizaliwa Paisley, hapo jirani tu, ila macho yake yalikuwa Italia. Ngazi za ndani ni za marumaru ya Carrara, huko Italia, nyeupe, na dari la ukumbi wa kuingilia limefunikwa kwa vijiwe vidogo vya rangi. Kabla hujapanda, angalia sakafuni: pana nembo ya jiji, yenye mti, ndege, kengele, na samaki mwenye pete mdomoni. Usidhani ni urembo mtupu. Kila kimoja ni kisa cha Mtakatifu Mungo, msimamizi wa Glasgow. Ile pete ni ya malkia, ilitupwa mtoni, na samaki ndiye aliyeirudisha ikamwokoa na hasira ya mumewe.

Na kwamba ni jumba la wakubwa peke yao? Mwaka 1981 halmashauri ya Glasgow, inayokaa humu, ilimpa Nelson Mandela heshima ya uraia wa jiji, naye yumo gerezani. Mwaka 1986 ikaupa jina lake mtaa uliokuwa na ubalozi mdogo wa Afrika Kusini, hivyo barua za serikali iliyomfunga zikawa zinatumwa kwenye anwani yenye jina la mfungwa wake. Oktoba 1993 Mandela alifika mwenyewe Glasgow kuipokea heshima ile.