Huhitaji Profiler kuona kinachotendeka ndani ya hifadhidata

Mafundi wengi wa mifumo hapa Mbeya wanaamini kwamba bila Profiler, programu ya SQL Server inayoonyesha amri zinazofika kwenye hifadhidata, hifadhidata haichunguziki. SQL Server Express, toleo la bure, haiji na Profiler, kwa hiyo mfumo wa duka la jumla pale Mwanjelwa ukiwa mzito, mwenye duka anaambiwa anunue toleo la kulipia. Si kweli, na inaniuma kuona mfanyabiashara akitoa hela kwa sababu hiyo.

Profiler inaonyesha tu. Anayerekodi ni seva yenyewe, na uwezo huo umo hata ndani ya Express. Tangu toleo la 2008 kuna Extended Events, njia ya seva kurekodi matukio yake: unaandika CREATE EVENT SESSION, unachagua matukio, unachuja kwa muda, na matokeo yanaingia kwenye faili.

Ila mimi huanza na sys.dm_exec_query_stats, orodha ya takwimu za amri zilizokwisha kutekelezwa, ambayo haihitaji maandalizi. Gawanya total_elapsed_time (jumla ya muda wa amri) kwa execution_count (mara ilizotekelezwa) upate wastani, lakini usiishie hapo. Amri ya nusu sekunde inayoitwa kila bidhaa inapouzwa huchosha seva kuliko ripoti ya dakika moja inayotolewa jioni, kwa hiyo jumla nayo itazame. Fanya hivyo kabla ya kuwasha seva upya, maana takwimu hizo hukaa kwenye memori na zitafutika.

Kwenye MySQL, mfumo mwingine wa hifadhidata, washa slow_query_log, kumbukumbu ya amri zinazochelewa, kisha shusha long_query_time, muda ambao amri ikiuzidi hurekodiwa, kwani chaguo-msingi lake ni sekunde 10, muda mrefu mno kwa mteja aliyesimama kaunta. PostgreSQL, mfumo mwingine tena, ina log_min_duration_statement yenye kazi kama hiyo, inayopimwa kwa milisekunde.