Mkwamo wa Brexit bungeni: yanayosimuliwa na yaliyotokea

Mwaka 2019 wa Uingereza husimuliwa hivi: wananchi walishapiga kura ya kujitoa Umoja wa Ulaya, wabunge wakagoma, wakaomba siku, wakaomba tena, mpaka akaja Waziri Mkuu Boris Johnson akawanasua. Simulizi fupi, tamu masikioni, na karibu kila kipande chake kina kasoro.

Kwanza tarehe. Kura ya maoni ilipigwa 23 Juni 2016, asilimia 51.9 walitaka kuondoka, 48.1 walitaka kubaki. Tarehe 29 Machi 2017 Waziri Mkuu Theresa May alipeleka Brussels, makao makuu ya Umoja, barua rasmi ya kujitoa chini ya Ibara ya 50 ya Mkataba wa Umoja wa Ulaya, na hapo ndipo miaka miwili ilipoanza kuhesabiwa. Mwisho wake ulikuwa 29 Machi 2019, saa tano usiku kwa saa za London. Ishike tarehe hiyo, maana ndiyo iliyokuwa ikiwakimbiza watu.

Dhana: Bunge lilikataa kuondoka bila mkataba, basi hatari hiyo ikaisha

"Mkataba" hapa ni makubaliano na Ulaya ya namna ya kuondoka. Dhana hii ndiyo inayonikera kuliko zote, kwa sababu hata vyombo vya habari viliitangaza hivyo usiku ule.

Ilikuwa jioni ya 13 Machi 2019, siku 16 kabla ya mwisho. Wanaofuatilia Bunge la Dodoma wanajua Spika akihoji, watu huitikia "ndiyo" au "siyo" na mara nyingi jambo limekwisha. Westminster nako huanza kwa sauti, lakini zikipingana kengele hulia jengo zima. Wabunge wana dakika 8 za kufika, wengine wakikimbia na chakula mdomoni, kisha milango hufungwa. Kila mmoja hupita kwa miguu yake katika ukumbi wa "ndiyo" au wa "siyo", akihesabiwa kama abiria anayepanda boti. Mwishoni wahesabu kura wanne hupanga mstari mbele ya meza, huinamisha vichwa, na mmoja wao husoma namba.

Usiku ule namba za kwanza zilikuwa 312 kwa 308. Hayo yalikuwa marekebisho yaliyobeba jina la Caroline Spelman, mbunge wa chama cha May mwenyewe, yakisema Uingereza isiondoke bila mkataba kwa hali yoyote. Hoja nzima, ikiwa imeshabadilishwa hivyo, ikapita kwa 321 dhidi ya 278. Kichekesho ni kwamba serikali ndiyo iliyoileta hoja hiyo, lakini ilipobadilishwa ikawaamuru wabunge wake waipinge, na mawaziri kadhaa wakakaidi, hawakupiga kura.

Kura hiyo ilizuia nini? Hakuna. Ilikuwa hoja, haikuwa sheria, na hata ingekuwa sheria ya London isingeweza kuifuta Ibara ya 50. Mpangaji akishampa mwenye nyumba notisi, familia inaweza kukaa kikao usiku kucha ikaazimia kwamba haitoki mpaka ipate nyumba nyingine. Azimio litaandikwa vizuri sana. Tarehe ikifika, vyombo vitatolewa nje.

Njia za kuepuka kutoka bila mkataba zilikuwa tatu tu: kuukubali mkataba uliokuwepo, kupewa muda zaidi, au kuifuta barua yenyewe ya Machi 2017. Hiyo ya tatu haikuwa ndoto. Mahakama ya Haki ya Ulaya ilikwisha kuamua, 10 Desemba 2018, kwamba Uingereza inaweza kuifuta barua yake peke yake bila kumwomba mtu. Ombi la wananchi la kutaka ifutwe lilikusanya saini zaidi ya milioni 6 kwenye tovuti ya Bunge. Njia hiyo ilipofika mbele ya wabunge 27 Machi, ikaanguka kwa 184 dhidi ya 293.

Dhana: Waliokwamisha ni wale waliotaka kubaki Ulaya

Tuzihesabu kura. Tarehe 15 Januari 2019 mkataba wa May ulikataliwa kwa 432 dhidi ya 202, kipigo kikubwa kuliko chochote ilichowahi kupata serikali ya Uingereza katika historia ya sasa ya Bunge. Kati ya wale 432, wabunge 118 walikuwa wa Conservative, chama cha May mwenyewe, na wengi wao ni watu wa kujitoa kabisakabisa. Tarehe 12 Machi ukaanguka tena, 391 kwa 242. Mara ya tatu ilikuwa 29 Machi, siku ileile ambayo nchi ilipaswa kuwa inaondoka: 344 kwa 286.

Hiyo ya tatu ndiyo ya kutazamwa kwa karibu. Wana-Conservative walioupinga walibaki 34. Kati yao 28 ni wa kundi kali la kujitoa. Wabunge 10 wa DUP, chama cha Ireland Kaskazini kilichokuwa kikiishikilia serikali ya May isianguke, nao walikataa mara zote tatu. Wachukue hao 28 na hao 10, wahamishie upande wa pili: mkataba unapita kwa 324 dhidi ya 306, na Uingereza inatoka majira hayohayo. Waliopigia debe kujitoa ndio waliokuwa na kura za kuufanikisha, na hawakuzitoa.

Walikuwa na sababu, na haikuwa ya kipuuzi. Uingereza ina mpaka wa nchi kavu na Jamhuri ya Ireland, karibu kilomita 500, ambao tangu makubaliano ya amani ya 1998 umekuwa wazi, hauna vizuizi. Mkataba wa May uliweka kinga: kama isipopatikana njia nyingine ya kuuacha mpaka wazi, Uingereza yote ingebaki ndani ya utaratibu wa pamoja wa forodha na Ulaya, na isingeweza kujitoa humo kwa uamuzi wake peke yake. Kwa watu wa kujitoa, huo ulikuwa mtego. Kwa DUP, ulikuwa mwanzo wa kuifanya Ireland Kaskazini iwe na sheria zake peke yake. Johnson, wakati huo mbunge wa kawaida, aliukataa Januari, akaukataa tena 12 Machi, akaukubali 29 Machi. Wanaomsifu kwa kunasua mkwamo huwa hawalitaji hilo.

Labour, chama kikuu cha upinzani, na wapenda Ulaya nao walipiga "siyo", kwa sababu zao tofauti. Kwa hiyo ukumbi mmoja uliwapitisha bega kwa bega wanaosema tunatoka polepole mno na wanaosema tusitoke kamwe.

Dhana: Wabunge hawakujua wanachotaka

Hapa pana nusu ya ukweli. Tarehe 27 Machi Bunge la Makabwela, ndilo hilihili tunalolizungumzia (jina hilo la Kiswahili linapotosha kidogo, maana hao makabwela ndio wenye nguvu, si mabwanyenye wa upande wa pili) lilijipangia kupigia kura mapendekezo 8, moja baada ya jingine. Yote yakakataliwa. Tarehe 1 Aprili yakarudi 4. Yote yakakataliwa. La umoja wa forodha lilishindwa kwa kura 3 tu, 276 kwa 273. Nick Boles, Mconservative aliyehangaika kutafuta suluhu ya katikati, alisimama palepale, akatangaza kwamba anakihama chama, akatoka nje.

Lakini kila mmoja wao alijua anachotaka, na hapo ndipo tatizo lilipokuwa. Mwenye kutaka kura ya maoni ya pili aliukataa umoja wa forodha akiamini zamu yake inakuja. Mwenye kutaka kutoka bila mkataba alikataa kila kitu akijua muda uko upande wake. Nani ashike la pili kwa ubora wakati bado anaota la kwanza?

Ukiacha lile azimio la kutotoka bila mkataba, kilichopata wingi wa kura ni kusogeza tarehe. Tarehe 14 Machi zaidi ya wabunge 400 waliunga mkono, 202 wakapinga. Stephen Barclay, waziri wa Brexit, ndiye aliyefunga mjadala kwa niaba ya serikali, akalisihi Bunge liikubali hoja ya kuongeza muda. Akaketi. Kengele ilipolia akaenda kupiga kura ya kuipinga. Siyo utani.

Mambo yakabana zaidi 3 Aprili. Mswada wa Yvette Cooper na Oliver Letwin, wa kumlazimisha Waziri Mkuu aombe muda, ulipita kwa kura moja: 313 kwa 312. Siku hiyohiyo kura nyingine ilitoka sare, 310 kwa 310, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu 1993. Spika John Bercow akafuata mila ya kiti: kama hakuna wingi wa kubadili kitu, Spika hauzalishi yeye. Akapiga "siyo".

Dhana: Uingereza ilijiongezea muda

Wabunge walichokipitisha ni kuomba. Kutoa kulikuwa kwa nchi nyingine 27 za Umoja wa Ulaya, tena kwa kauli moja. Mmoja akikataa, basi. May aliomba mpaka 30 Juni. Tarehe 21 Machi alijieleza mbele ya viongozi wale, kisha akatoka chumbani, wakabaki kumjadili hayupo. Wakampa mpaka 22 Mei kama mkataba utapita, na kama hautapita, 12 Aprili. Haukupita. Akarudi 10 Aprili akiomba 30 Juni ileile. Akapewa 31 Oktoba. Emmanuel Macron wa Ufaransa alitaka muda mfupi zaidi.

Na muda huo ulikuja na bei. Nchi iliyo mbioni kuondoka ililazimika kuchagua wabunge wa Bunge la Ulaya, 23 Mei 2019. Chama cha Nigel Farage, mpiga debe wa kujitoa, kilichokuwa na miezi michache tu tangu kizaliwe, kikaongoza kwa viti 29. Siku moja baada ya upigaji kura, May akatangaza kwamba anang'atuka.

Dhana: Spika Bercow alijitungia kanuni ili kuizuia serikali

Alichokitumia Machi, alipoizuia serikali isirudishe hoja ileile katika kikao kilekile cha Bunge, ni kanuni ya mwaka 1604. Unaweza kusema aliipenda kamera mno, sitabisha. Kanuni hakuitunga yeye.

Dhana: Johnson hakuwahi kuomba kuongezewa muda

Tarehe 5 Septemba 2019, akiwa sasa ndiye Waziri Mkuu baada ya May, amezungukwa na polisi vijana huko Yorkshire, alisema afadhali afe mtaroni kuliko kuomba. Siku nne baadaye sheria iliyoandaliwa na Hilary Benn, mbunge wa Labour, ikapata idhini ya Malkia: kama Bunge halijakubali mkataba kufikia 19 Oktoba, Waziri Mkuu ataandika barua ya kuomba muda, na maneno ya barua yenyewe yamo ndani ya sheria. Wana-Conservative 21 waliosaidia kuifungulia njia walifukuzwa kwenye kundi la chama bungeni, akiwemo Nicholas Soames, mjukuu wa Winston Churchill.

Tarehe 19 Oktoba ilikuwa Jumamosi, Jumamosi ya kwanza Bunge kukutana tangu vita vya Falklands mwaka 1982. Johnson alikuja na mkataba wake mpya. Wabunge wakaamua, 322 kwa 306, kutouidhinisha mpaka sheria zake zipite kwanza. Usiku huo barua ikaenda Brussels: nakala tu ya maneno ya sheria, haina saini. Pamoja nayo ikaenda nyingine, hiyo ikiwa na saini yake, akisema kusogeza tarehe ni kosa. Brussels hawakujali saini. Waliihesabu ya kwanza kuwa ombi, na 28 Oktoba wakasogeza mpaka 31 Januari 2020. Sarafu za kumbukumbu za peni 50 zilizokwisha kuchongwa tarehe 31 Oktoba zikarudishwa motoni.

Na kuna hili linalosahauliwa: mswada wa mkataba wa Johnson ulipita usomaji wa pili, yaani ulikubaliwa kimsingi, 22 Oktoba, 329 kwa 299. Kilichoanguka dakika chache baadaye, 322 kwa 308, ni ratiba yake, iliyowapa wabunge siku tatu za kuchambua mswada wa kurasa zaidi ya 100.

Dhana: Si Johnson angeitisha uchaguzi tu tangu mwanzo?

Ili kuitisha uchaguzi kabla ya muda, sheria ya 2011 ilidai theluthi mbili ya viti vyote, yaani kura 434. Johnson alijaribu mara tatu, akapata 298, 293 na 299. Mwishowe ikapitishwa sheria fupi ya kukwepa kikwazo hicho, 438 kwa 20. Tarehe 12 Desemba Conservative wakapata viti 365 kati ya 650. Walioingia ukumbi wa "ndiyo" baada ya hapo walikuwa watu wengine, na mkataba ukapita bila jasho.

Dhana: 31 Januari 2020 mambo yakaisha

Uingereza ilitoka kwenye vikao siku hiyo. Kwenye forodha haikutoka: sheria za biashara za Ulaya ziliendelea kutumika mpaka 31 Desemba 2020. Hapo ndipo kalenda ya London ilipoifikia Nairobi. Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi, kama nchi zenye maendeleo duni zaidi, zilikuwa na mlango wa kuingiza bidhaa bila ushuru. Kenya haimo kwenye orodha hiyo, na maua, majani ya chai na mboga zake zilikuwa zikiingia Uingereza kwa masharti ya Ulaya, ambayo yangekoma usiku wa mwaka mpya. Makubaliano mapya kati ya Kenya na Uingereza yalitiwa saini London tarehe 8 Desemba 2020. Zilikuwa zimebaki siku 23.