Imeji ya msingi: meinfremu nzima ndani ya kontena

"Shikamoo mwalimu. Ile programu yangu ya jana haipo."

Kijana huyu anajifunza kwangu jioni hapa Chumbageni, Tanga. Alikuwa ameandika REXX, lugha ya programu, kwa saa mbili ndani ya VM/370, mfumo wa zamani wa meinfremu, yaani kompyuta kubwa za IBM, tunaouendesha ndani ya kontena. Akazima kila kitu, akaenda kulala. Asubuhi alipowasha tena, mfumo ulifunguka vizuri kabisa, ila mpya, kana kwamba haujawahi kuguswa na mtu. Nilimwambia hakuna kilichoharibika. Imeji ya msingi imefanya kazi yake.

Wafyatua matofali wanalielewa jambo hili haraka kuliko watu wa kompyuta. Kalibu ni moja, matofali ni mengi. Ukichora jina lako kwenye tofali bichi, kalibu haina habari, na tofali linalofuata litatoka bila jina. Imeji ndiyo kalibu: faili zilizofungwa pamoja, za kusomwa tu. Kontena ndilo tofali: linatoka kwenye imeji, linaandikwa, na likifutwa linaondoka na kila kilichoandikwa juu yake.

Neno "msingi" linakuja kwa sababu imeji hujengwa kwa matabaka. Anayetengeneza imeji yake kwenye Docker, programu ya kujenga imeji na kuendesha makontena, huandika maelekezo, na kwa kawaida mstari wa kwanza huanza na FROM, halafu jina la imeji anayoanzia. Hiyo ndiyo imeji ya msingi. Anachoongeza yeye ni matabaka mapya juu yake. La chini halibadiliki. Kwa sisi tunaonunua bando, faida yake inaonekana mfukoni: matabaka ya chini yakishapakuliwa mara moja, imeji nyingine inayoanzia hapohapo itapakua kilichozidi tu.

VM/370 ilitangazwa na IBM mwaka 1972 kwa ajili ya System/370, kompyuta zilizojaza chumba. Release 6 yake ni mali ya umma, ndiyo maana wapenzi wake wameweza kuirekebisha na kuiendeleza kwa jina la VM/370 Community Edition. Ndugu yake wa leo, z/VM, ana leseni. Huwezi kumchukua ukamgawa. Na kwa kuwa hatuna chuma cha IBM, mfumo huu hukaa juu ya Hercules, programu iliyoanzishwa na Roger Bowler mwaka 1999, inayoigiza kichakataji cha meinfremu pamoja na vifaa vyake. Diski za meinfremu hapo ni faili za kawaida.

Basi imeji ya msingi ya VM/370 hubeba Linux, juu yake Hercules, na faili za diski zenye mfumo uliokwisha kusakinishwa. Huko "kukwisha" ndiko thamani yote ilipo. Aliyewahi kupanga Hercules kwa mkono, anwani ya kifaa kimoja baada ya kingine, anajua jasho lake. Ukiwa na imeji unawasha kontena, unaunganisha teminali, yaani programu inayoigiza skrini na kibodi ya meinfremu, kwenye poti 3270, na maneno VM/370 ONLINE yanakutazama.

Jambo moja hunifurahisha kila ninapolifundisha. VM/370 yenyewe ilizaliwa kwa kazi ya kugawa. Sehemu yake iitwayo CP humpa kila mtumiaji mashine pepe yake, yaani kompyuta ya kuigizwa, naye hufanya kazi ndani ya CMS, mfumo mdogo wa mtumiaji mmoja, kana kwamba kompyuta nzima ni yake peke yake. Docker ilitoka mwaka 2013. Si kitu kimoja, maana makontena hushirikiana kiini (kernel) kimoja cha Linux, wakati CP humpa kila mtu mashine. Lakini kiu ni ileile.

Panapowachanganya wengi ni kwenye kuongeza kitu chako. Wanaandika COPY, elekezo la Docker la kuingiza faili, faili inaingia kwenye imeji, kisha wanaitafuta ndani ya CMS na hawaioni. Wazee wa bandari ya Tanga wangewaelewa. Zamani meli kubwa zilitia nanga mbali na gati, na mzigo ukaletwa nchi kavu kwa matishari. COPY imeifikisha meli. Mzigo bado uko majini. Faili iko kwenye Linux, na CMS haiijui Linux. Tishari lake ni kisoma kadi, kifaa cha kusoma kadi za matundu zilizobeba data enzi hizo: Hercules huigiza kisoma kadi, faili inapita humo mstari kwa mstari, kila mstari kama kadi ya safu 80, na mtumiaji wa CMS anaipokea upande wa pili. Kwa hiyo ujenzi wa imeji juu ya VM/370 ni lazima uuwashe mfumo, upitishe kadi, uuzime, ndipo tabaka lihifadhiwe.

(Kwa mgeni wa skrini hii: ukiona MORE... pembeni chini kulia, mfumo haujaganda. Skrini imejaa, inasubiri uisafishe kwa kitufe cha Clear.)

Tukarudi kwa kijana wangu. Alikuwa amewasha kontena kwa --rm, amri inayosema likisimama lifutwe. Tulizitoa faili za diski nje, kwenye voliyumu, hifadhi ya Docker isiyofutwa pamoja na kontena. Nilimhimiza aipe voliyumu jina, kwa sababu ikiwa tupu Docker huijaza kwanza kwa faili zilizomo kwenye imeji; angeunganisha folda tupu ya kompyuta yake, ingezifunika diski na Hercules isingekuta cha kuwasha.

Lililobaki lilikuwa kuzima. Amri ya docker stop husubiri sekunde 10 kwa kawaida, kisha huua. Meinfremu haizimwi hivyo. Siku hizi kijana anaingia kwanza kama OPERATOR, mtumiaji anayesimamia mfumo, anaandika SHUTDOWN, anangoja mfumo utulie, ndipo anasimamisha kontena.

Jana aliniletea ile programu yake, ameiandika upya. Ilikuwa bado ipo leo asubuhi.