Kazi ya mshauri wa programu haiishii kwenye kufunga programu

Wafanyabiashara wengi wa Kampala bado wanaamini kwamba mshauri wa programu za biashara huja, akaifunga programu kwenye kompyuta, akakabidhi na kuondoka. Si kweli, na imani hiyo huwatia watu hasara.

Kufunga programu ni sehemu ndogo tu. Mshauri mzuri huanza kwa kukaa na mtunza stoo na karani wa mauzo, aone mzigo unavyoingia na risiti inavyotoka. Kisha husafisha kumbukumbu, na hapo ndipo muda mwingi huliwa. Chukua duka la jumla pale Kikuubo: gunia lilelile la sukari limeandikwa “sukari 50”, “sukari gunia” na “sukari kubwa”. Programu itahesabu bidhaa tatu, na stoo haitalingana na vitabu. Kwa aliyesajiliwa VAT (kodi ya ongezeko la thamani), ankara lazima pia zipitie EFRIS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa URA (mamlaka ya mapato ya Uganda), kodi ya asilimia 18 ikiwa sahihi; hilo hujaribiwa kabla ya kuanza.

Mafunzo yasikatwe ili kupunguza bei, nasisitiza. Na mwisho wa mwezi wa kwanza mshauri awepo, maana ndipo mhasibu anapofunga hesabu kwa mara ya kwanza ndani ya mfumo mpya.