Maji, Majitaka na Mtaji: Dhana Zinazopotosha Mjadala Tanzania

Mazungumzo kuhusu maji nchini Tanzania huishia mara nyingi kwenye chanzo: mto umekauka, bwawa linajengwa, kisima kimezinduliwa. Hilo linaeleweka, kwa kuwa chanzo huonekana na huwekewa jiwe la msingi, ilhali bomba limefukiwa ardhini na shimo la choo halina mgeni rasmi. Lakini sehemu kubwa ya fedha za sekta hii, zinazoweza kupatikana na zinazopotea, iko baada ya chanzo. Anayetaka kuwekeza, au mwananchi anayetaka tu kujua kwa nini bomba lake limekauka, hana budi kuanza kwa kuzipima upya dhana kadhaa zilizozoeleka.

Dhana: Dar es Salaam ina shida ya maji kwa sababu tu vyanzo havitoshi.

Dhana hii ina ukweli ndani yake, na ndiyo maana haifi. Jiji hutegemea kwa sehemu kubwa Mto Ruvu, kupitia mitambo ya Ruvu Chini iliyoko Bagamoyo na Ruvu Juu iliyoko Mlandizi, na kina cha mto huo kiliposhuka sana mwishoni mwa 2022, mgawo wa maji uliwafikia hata watu ambao hawakuzoea kununua maji ya boza. Bwawa la Kidunda, mkoani Morogoro, linajengwa ili kuhifadhi takriban lita bilioni 190 kwa ajili ya miezi ya namna hiyo, na hakuna mtaalamu makini atakayesema halihitajiki.

Tatizo ni neno "tu". Upanuzi uliofanyika katika muongo uliopita uliipa Ruvu Chini uwezo wa kuzalisha lita milioni 270 kwa siku, na Ruvu Juu lita milioni 196. Kwa upande mwingine, mamlaka za maji za mijini nchini hupoteza, kwa wastani, takriban theluthi moja ya maji zinayozalisha, na baadhi hupoteza zaidi. Tukiichukua theluthi hiyo kama kipimo, lita milioni 466 za mitambo hiyo miwili zikizalishwa zote, zaidi ya lita milioni 150 haziingizi hata shilingi moja kila siku. Kiasi hicho ni zaidi ya mara mbili ya lita milioni 70 zilizotarajiwa kutoka visima vya Kigamboni vilipozinduliwa Novemba 2022.

Si maji yote hayo yanayomwagika barabarani. Mengine yanatumika vizuri kabisa, ila dira imezeeka na haisomi sawasawa, au mteja amejiunganishia kinyemela, au msoma dira hukadiria badala ya kufika. Kwa hiyo kupunguza upotevu ni kazi ya mafundi, ya wahasibu na ya watu wa mifumo ya kompyuta kwa pamoja. Hapa ndipo ilipo, kwa maoni yangu, fursa kubwa inayopuuzwa kuliko zote: mikataba ambayo mkandarasi husaka mivujo, hubadilisha dira na kurekebisha kanzidata ya wateja, kisha hulipwa kulingana na maji yaliyookolewa. Haihitaji mto mpya wala fidia ya ardhi ya vijiji vizima, ingawa inahitaji mamlaka iliyo tayari kumwonyesha mgeni hesabu zake halisi, na huo ndio ugumu wake.

Dhana: Maji ni ya Mungu, na maskini hawezi kuyalipia.

Nchi hii iliwahi kujaribu maji ya bure kwa dhati. Mwaka 1971 Serikali ilianzisha mpango wa miaka 20 wa kumfikishia kila mwananchi wa kijijini maji safi ndani ya mita 400 kutoka makazi yake, bila malipo. Ulipofika mwaka 1991 lengo lilikuwa bado mbali, na pampu nyingi zilikuwa zimesimama kwa kukosa dizeli, vipuri na mtu wa kuzihudumia. Sera ya Maji ya mwaka 2002 iliibakiza ile mita 400, ikaongeza kiwango cha lita 25 kwa kila mtu kwa siku, lakini ikataka watumiaji wachangie gharama za uendeshaji. Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019 iliunda RUWASA, yaani Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, na vyombo vya watoa huduma ngazi ya jamii ndivyo vinavyokusanya fedha hizo.

Ama kuhusu uwezo wa maskini, hesabu yake ni nyepesi. Mita moja ya ujazo, ambayo kwenye bili huitwa uniti, ni ndoo 50 za lita 20. Mama anayenunua ndoo kwa shilingi 100 hulipa shilingi 5,000 kwa uniti moja. Ikifika shilingi 200, analipa 10,000. Bei ya majumbani inayoidhinishwa na EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji, kwa mamlaka za mijini huwa chini sana ya hapo. Asiye na bomba ndiye anayelipa ghali zaidi, na kinachomzuia kwa kawaida ni gharama ya kuunganishiwa, ambayo hutakiwa kwa mkupuo mmoja kutoka kwa mtu anayepata kipato chake kwa siku. Ndiyo maana kuunganisha wateja kwa malipo ya awamu, pamoja na dira za malipo ya kabla kwenye magati ya vijijini, yaani vituo vya umma vya kuchotea maji, kumevutia taasisi za fedha na kampuni changa ambazo zamani zisingeitazama sekta hii.

Dhana: Maji ya Dar es Salaam yaliwahi kuuzwa kwa Waingereza, hivyo sekta binafsi haifai.

Kampuni ya City Water, iliyokuwa na wanahisa kutoka Uingereza, Ujerumani na Tanzania, ilianza kazi Agosti 2003 kwa mkataba wa miaka 10. Haikununua mabomba wala mitambo: mali zilibaki za DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, na kampuni ilikodishwa uendeshaji na ukusanyaji wa bili. Makusanyo yalikwenda vibaya, lawama zikarushwa pande zote, na Mei 2005 Serikali ikauvunja mkataba. Shauri lilifika kwenye kituo cha Benki ya Dunia cha kusuluhisha migogoro ya uwekezaji, ambacho Julai 2008 kiliamua kwamba Tanzania ilikiuka mkataba wake na Uingereza wa kulinda uwekezaji, lakini hakikuiamuru ilipe fidia yoyote, kwa kuwa kampuni haikuwa na thamani ya kufidiwa wakati hatua zile zinachukuliwa. Wanaosema Tanzania ilishinda na wanaosema ilishindwa, wote wanasoma nusu ya hukumu.

Funzo la kiuwekezaji ni mahususi zaidi ya ule ubishi wa umma dhidi ya binafsi. Zabuni ilijengwa juu ya taarifa dhaifu za wateja na mtandao, na mzabuni aliahidi makusanyo ambayo taarifa hizo hazikuweza kuyabeba.

Dhana: Mtaji wa maji ni lazima utoke kwa wafadhili.

Mikopo ya nje bado ni nguzo. Mradi wa maji wa miji 28, kwa mfano, unategemea mkopo wa dola milioni 500 kutoka Benki ya Exim ya India. Lakini mwaka 2024 Mamlaka ya Maji ya Tanga ilitoa hatifungani ya kijani, yaani hati ya kukopa kwa umma kwa ajili ya miradi ya mazingira, ya shilingi bilioni 53.12, ya miaka 10 na riba ya asilimia 13.5 kwa mwaka, ikanunuliwa kupita lengo na kuorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam. Aliyeweka milioni moja anatarajia shilingi 135,000 kwa mwaka kabla ya makato yoyote. Kwa upande wa mamlaka, riba pekee ni zaidi ya bilioni 7 kila mwaka, na lazima itoke kwenye bili. Si kila mamlaka inaweza kuubeba mzigo huo, na mnunuzi wa hatifungani inayofuata, popote itakapotoka, atafanya vyema kuuliza kwanza kiwango cha upotevu wa maji.

Dhana: Usafi wa mazingira maana yake ni mabomba makubwa ya majitaka.

Takriban mtu mmoja tu kati ya kumi jijini Dar es Salaam ndiye aliyeunganishwa na mtandao wa majitaka. Wengine wanatumia mashimo na makaro, na katika mitaa isiyoingilika kwa gari, shimo likijaa huitwa vyura, yaani vijana wanaolitapisha kwa mikono, au husubiriwa mvua kubwa na choo kikatapishwa mtaroni usiku. Kipindupindu kilicholipuka jijini Agosti 2015 na kuenea mikoani hakikuhitaji maelezo marefu kwa mtu anayeijua tabia hiyo.

Bomba kubwa halitafika Manzese au Vingunguti yote kwa miaka mingi. Kinachowezekana sasa ni mlolongo wa huduma: pampu ndogo za mkono na pikipiki za matairi matatu zinazopita vichochoroni, mitambo midogo ya kusafisha tope kinyesi karibu na makazi, kama ule wa Mburahati, na mabomba membamba ya majitaka yanayopitishwa kina kifupi kati ya nyumba. Biashara ya kunyonya majitaka tayari ni ya watu binafsi na inalipa. Kinachokosekana ni mahali halali na pa karibu pa kumwaga. Kwa mwenye gari la kunyonya, umbali hadi kwenye mabwawa ya kusafishia majitaka ndio unaoamua faida, na ndio unaomshawishi amwage njiani. Anayejenga kituo cha kupokea tope ndani ya kata anashusha gharama za kila mwendeshaji aliyepo jirani, na tope lililokaushwa vizuri linaweza kuuzwa kama mbolea au kuni za kuchomea matofali ya udongo, ingawa mapato hayo ni ya nyongeza, wala asidanganywe mtu kwamba yataendesha kituo yenyewe.

Dhana: Kisima kilicho kwenye kiwanja changu ni changu, na maji yake yakiwa maangavu ni salama.

Kisheria, kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009, maji yote ni mali ya umma, na anayechimba kisima kirefu kwa ajili ya biashara huhitaji kibali cha bodi ya maji ya bonde husika. Kuhusu usalama, rangi haielezi chochote: maji maangavu ya Arusha na maeneo mengine ya kaskazini yanaweza kuwa na madini ya floraidi mengi kuliko miligramu 1.5 kwa lita zinazopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, na floraidi hiyo haiondoki kwa kuchemsha. Mwenye kiwanda cha maji ya chupa huanza na maabara kabla ya kuita mtambo wa kuchimbia.